Mdomo wa Mchungaji

Shuka waliyotundika ni ya kitanda cha paroko,
ina kiraka upande wa kushoto,
na kila uso wa Mzungu ukipita hapo
unapata kovu.
Ukumbi wa kanisa, Arua, Jumamosi ya tatu ya Kwaresima.
Jenereta inanguruma nyuma ya sakristia
na mume wangu, Ondoma, ameshika maikrofoni
kama alivyoishika miaka kumi na mitatu kibandani,
akiwatia wapiga kung-fu Kiswahili cha soko letu
ili Mlugbara, Mkakwa na mgeni aliyevuka kutoka Aru
wacheke kwa pamoja.

Leo hakuna kung-fu.
Leo ni mchungaji aliyefiwa na mwanawe.
Katekista alilipa nusu, akasema,
"Hii ni filamu ya imani, Ondoma. Usitie chumvi."

Niko benchi la nne.
Mto umemchukua mtoto: Ondoma anatafsiri.
Sanduku linaingia kanisani. "Sanduku," anasema,
hasemi dogo,
sote tunaliona.
Mchungaji anaitupa Biblia kwenye droo ya jikoni
pamoja na visu,
na ukumbi mzima unaguna.
Drateru, jirani yangu, ananishika mkono.
Nautoa.
Nataka kuona kama ataifungua droo ile
siku atakapotaka kukata mkate.

Wetu hakuchukuliwa na mto.
Homa, siku tatu, mwezi wa nane,
na dripu iliyodondoka polepole
kuliko sala za shangazi zake.
Kibandani alikaa miguuni pa baba yake
akimpigia milio:
farasi kwa vifuniko viwili vya soda,
mvua kwa ncha ya ulimi.
Miaka tisa.
Tulimwita Mungufeni,
yaani, kwa Kilugbara, Mungu ametoa.
Jina linaishia hapo.
Ile nusu ya pili, ya Ayubu,
sisi hatukumpa.

Sasa mvua inanyesha kwenye shuka.
Mchungaji amepiga magoti matopeni,
vinanda vinapanda juu, vinatusukuma mgongoni tulie,
na mdomo wake unafunguka, unajifunga, unafunguka,
dakika nzima ya maneno,
Kiingereza ambacho mimi sikijui.
Nangoja.
Ukumbi unangoja.
Kwenye spika hamna ila pumzi ya Ondoma.
Halafu:

"Anasema, bado niko hapa."

Basi.
Kijana mmoja akacheka, wakamnyamazisha.
Ule mdomo ukaendelea peke yake
kama wa mtu aliyebwia ugali wa moto.

Katekista akamfuata mlangoni:
mbona sala nzima umeimeza?
"Jenereta," akajibu Ondoma,
akizungusha waya kwenye kiwiko,
duara juu ya duara,
hata waya ulipokwisha mkono ukazunguka tena.

Usiku, ndani ya chandarua, nikamuuliza.
Alisema nini hasa, yule mchungaji?
Kitanda kikalia upande wake.
"Alisema asante.
Asante kwa mto, asante kwa miaka sita aliyopewa.
Aliipanga moja moja
kama mama wa kikoba anayehesabu marejesho."
Na wewe?
"Spika ile inafika mpaka kwetu," akasema.
"Inafika pale nyuma ya jiko,
penye udongo ambao haujashuka.
Ningeisemaje, naye anasikia?"

Sikuwa na jibu. Jumapili nzima ya kesho
ilikuwa inatungoja, na gauni langu halijapigwa pasi.
Nikaweka ncha ya ulimi nyuma ya meno
nikaupiga ule mlio wake wa mvua,
taratibu, kisha kwa haraka kidogo.
Ondoma akashusha pumzi.
Sijui kama hiyo ni sala.
Haikutoka vizuri.
Yeye alikuwa na pengo, jino la mbele,
maji yalipitia hapo.